Mtindi, uji mchachu na tumbo la mtoto: namna ya kuandaa nyumbani Tanga

Tanga haina shida ya maziwa. Asubuhi madumu yanaingia mjini kwa baiskeli na bodaboda kutoka Pongwe, Muheza na vijiji vya jirani, na paketi za mtindi hazikosekani madukani Ngamiani wala Makorora. Mzazi aliyesikia habari za "bakteria wazuri wa tumbo", akaenda famasi kuulizia matone ya bei ghali, mara nyingi amepita mlango wa jirani anayeuza kitu cha karibu sana na hicho. Ila mtindi na uji mchachu humfaa mtoto vikiandaliwa vizuri na vikitolewa kwa umri wake. Vikiandaliwa ovyo, humpeleka hospitali. Kwa hiyo tuanze na umri.

Kabla ya miezi sita: ziwa peke yake

Maziwa ya mama yana sukari za aina fulani ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Hizo ni chakula cha bakteria waitwao bifidobakteria, wanaokaa kwenye utumbo mpana. Wakizila hutoa asidi, na asidi hiyo huufanya utumbo usikalike kwa vijidudu vingi vya kuharisha. Ndiyo maana choo cha mtoto anayenyonya tu huwa laini, cha manjano, na harufu yake si kali. Anaweza kujisaidia mara nane kwa siku. Akishapita mwezi wa kwanza anaweza pia kukaa siku nne au tano bila choo na akawa mzima kabisa, mradi kikitoka ni laini, ananyonya vizuri na uzito unapanda kwenye kadi yake ya kliniki.

Mtoto wa umri huu haongezewi mtindi, maji, wala uji mwepesi. Anachohitaji ni dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo, aanze kuyapata ndani ya saa moja tangu azaliwe. Wapo wanaoyakamua na kuyamwaga wakiona ni machafu, na hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu dang'a imejaa kinga. Mtoto aliyezaliwa kwa upasuaji huanza na bakteria tofauti na wa aliyezaliwa kwa njia ya kawaida. Dawa yake ni kulazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mapema iwezekanavyo, na kunyonyeshwa bila kuchanganyiwa kitu.

Asali isitolewe kabla ya kutimiza mwaka, hata ya kulambishwa. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na utumbo wa mtoto mchanga hauna nguvu ya kuzizuia zisiote. Sumu yake hulegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Wanaofanya tahniki, yaani desturi ya Kiislamu ya kumpaka mtoto mchanga kitu kitamu mdomoni, watumie tende, kiasi cha kupaka tu, kwa kidole kilichooshwa kwa sabuni.

Na dawa za mchango? Kilio cha jioni kisichokoma kwa mtoto anayekula na kukua vizuri huanza wiki ya pili au ya tatu, hupamba moto karibu na wiki ya sita, na hupoa chenyewe anapofika miezi mitatu au minne. Mizizi ya kuchemsha anayopewa haina kipimo kinachojulikana, na maji yake humjaza tumbo dogo lililopaswa kujaa maziwa. Mbebe kwa kusimama, mcheulishe kila baada ya kunyonya, angalia kama amelishika ziwa vizuri, na mpokezane na baba au bibi ili mama apumzike. Kilio kikija na homa, kutapika matapishi ya kijani, tumbo gumu au damu kwenye choo, huo si mchango. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mtindi wa nyumbani, kuanzia miezi sita

Tutenganishe majina kwanza, maana yanachanganywa. Mtindi, yaani maziwa mgando, huchachushwa na bakteria wanaofanya kazi kwenye joto la kawaida la chumba, na joto la Tanga linawafaa. Yogati huchachushwa na bakteria wengine wanaotaka nyuzi 42 hadi 45, kwa hiyo inahitaji kufunikwa blanketi au kuwekwa kwenye chupa ya chai. Kwa jiko la kawaida mtindi ndio rahisi, na maelezo haya ni ya mtindi.

Kwa lita 1 ya maziwa utahitaji vijiko 2 vya chakula vya mtindi wa mbegu, sufuria yenye mfuniko, kijiko cha chuma cha pua, na chombo cha kugandishia cha kioo au cha chuma cha pua. Ndoo ya plastiki iliyokwaruzika huficha vijidudu kwenye mikwaruzo hata ukiisugua. Aluminiamu huliwa na asidi. Kibuyu kina ladha nzuri na wazee wanakijua, ila ndani yake hakuoshwi kikatakata, basi kiachwe kwa mtindi wa watu wazima.

Mbegu nunua ya paketi, mtindi mtupu usio na sukari wala ladha ya matunda, na tarehe yake isiwe imekaribia kuisha. Soma maandishi: bidhaa iliyopashwa moto baada ya kugandishwa bakteria wake wamekufa, na haitagandisha chochote.

1. Osha vyombo vyote kwa sabuni, suuza, kisha vimwagie maji yanayochemka. Usivifute kwa kitambaa, viache vijikaushe.

2. Chemsha maziwa mpaka yafure, punguza moto, yaache yatokote taratibu dakika 10 huku unakoroga. Kuchemka huua vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe, na zile dakika 10 hufanya mtindi uwe mzito. Maziwa yakikatika yanapochemka yalikwisha kuchacha njiani. Hayafai kwa mtoto.

3. Weka sufuria, ikiwa na mfuniko wake, ndani ya beseni la maji baridi. Subiri mpaka tone ukilidondosha ndani ya kiwiko cha mkono usihisi joto wala baridi, au uhisi ubaridi kidogo. Usitumie kidole, kidole ndicho kinachorudisha uchafu kwenye maziwa uliyokwisha kuyasafisha.

4. Koroga mbegu peke yake kwenye kikombe na maziwa kidogo mpaka mabonge yaishe, ndipo uimimine kwenye chombo cha kugandishia pamoja na maziwa yote. Koroga mara chache, funika.

5. Weka mahali penye kivuli, pasipo na mtikisiko. Kati ya Desemba na Machi, joto linapokuwa kali, huganda kwa muda wa saa 10 hadi 12: ukiweka saa 2 usiku, tazama saa 1 asubuhi. Mwezi wa Juni hadi Agosti inaweza kufika saa 16 au zaidi. Umeiva pale unapoinamisha chombo na mtindi ukajitenga na ukuta wake kama kipande kimoja.

6. Mara ukiganda uingize kwenye friji. Kula ndani ya siku 4 au 5. Usiye na friji, gandisha wa siku hiyo tu, nusu lita au robo, na unaobaki waule wakubwa.

Kabla hujamgusia mtoto, toa vijiko 2 vya juu uviweke kwenye kikopo safi kwa mbegu ya mara ijayo. Mbegu inarithishwa mara nne au tano, kisha inunuliwe mpya. Kila kizazi cha jikoni huongeza wageni wasioalikwa, na baada ya muda hao ndio wanaokuwa wengi.

Pale mambo yanapokwenda kombo

Maziwa yamekaa usiku kucha na bado ni matamu: karibu kila mara mbegu ilitiwa maziwa yakiwa ya moto. Kufikia nyuzi 50 bakteria hawa huanza kufa. Usiongeze mbegu nyingine ukasubiri tena, kwa kuwa yamekwisha kukaa saa nyingi bila kinga. Ikiwa maziwa yalipoa vizuri na mbegu ilikuwa hai, mshuku ng'ombe: aliyepigwa sindano ya antibayotiki, naye akakamuliwa kabla siku za kusubiri hazijapita, hutoa maziwa yenye dawa ndani, na dawa hiyo inaua bakteria wako kama ilivyoua wa ng'ombe. Badilisha muuzaji, na mwambie sababu. Maziwa hayo si ya kumpa mtoto hata yakichemshwa, maana moto hauiondoi dawa yote.

Maji ya manjano yanayokaa juu si kasoro. Mtindi umepitiliza muda au umetikiswa. Yakoroge uyale, ni sehemu ya chakula. Mwepesi kama maji: ama muuzaji aliongeza maji, ama hukutokotesha vya kutosha. Vituo vya kukusanyia maziwa vina laktomita, kipimo kinachoelea na kufichua maji yaliyoongezwa. Muuzaji mwaminifu hakatai maziwa yake yapimwe.

Mtindi wenye matundu kama sifongo, unaotoa povu na harufu ya kinyesi au ya pombe, umeingiliwa na vijidudu vya uchafu au hamira. Unaovutika kama mlenda vilevile umeingiliwa. Wenye doa la waridi, kijani au jeusi una ukungu, na mizizi ya ukungu huenda chini kuliko doa linaloonekana, basi usikwangue juu ukabakisha chini. Yote hayo ni ya kumwaga.

Kiasi na namna ya kumpa

Mwezi wa sita hadi wa nane, anza na kijiko 1 cha chai, siku tatu mfululizo, bila chakula kingine kipya, ili likitokea jambo ujue limetoka wapi. Kisha vijiko viwili vitatu. Miezi tisa hadi kumi na moja, vijiko 2 hadi 4 vya chakula kwa siku. Baada ya mwaka, nusu kikombe hadi kikombe kimoja kwa siku. Usitie sukari, ponda ndizi mbivu, papai au embe, atazoea. Yule anayeanza na mtindi wa rangi na ladha ya stroberi hatageuka nyuma kwa huu mweupe, na paketi zile nyingi zina sukari nyingi.

Mtindi ni kitoweo cha ziwa, usichukue nafasi yake. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana, na mtoto anayekunywa zaidi ya nusu lita kwa siku hushiba kabla hajafika kwenye dagaa, maini na maharage, akaishia kupungukiwa damu.

Akivimba midomo, akatokwa na mabaka ya kuwasha au akatapika ndani ya saa mbili baada ya kula, acha na umpeleke kituo cha afya. Akipumua kwa shida, mkimbize. Damu au makamasi kwenye choo siku chache baada ya kuanza maziwa nayo inaweza kuwa mzio wa maziwa. Hapo hata mtindi hautamfaa, kwa sababu kuchachusha hakuondoi protini yake.

Uji mchachu

Mikoa ya kusini wana togwa. Huku pwani uji mchachu unajulikana, ingawa wengi wanauona ni kinywaji cha wakubwa na cha mwezi wa Ramadhani. Tafiti zilizofanywa katika vijiji vya Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa uji uliochachushwa waliugua kuhara mara chache kuliko waliopewa uji mtamu. Sababu kubwa ni asidi: uji ukifikia uchachu wa kutosha, vijidudu vingi vya kuhara haviwezi kuzaliana humo hata ukikaa kidogo mezani. Kuchacha pia huvunja fitati, kitu kilichomo kwenye nafaka ambacho hukamata chuma na zinki visifyonzwe na mwili.

Kwa mtoto chini ya mwaka tunashauri unga uchachushwe kwanza, kisha upikwe. Ndiyo, moto utawaua bakteria, na uji huo hauwezi kuitwa wa bakteria hai. Lakini asidi inabaki, chuma kinafunguka, na uchafu uliokuwa kwenye unga unakufa. Kwa mtoto mdogo huo ni ununuzi mzuri kuliko bakteria hai wasiojulikana. Bakteria hai atawapata kwenye mtindi.

Changanya vijiko 8 vya chakula vya unga wa ulezi na kikombe 1 (mililita 250) cha maji yaliyochemshwa na kupoa. Funika kwa sahani, si kwa kanga iliyokuwa begani. Mara ya kwanza uache siku mbili; ukishapata chachu, ongeza vijiko 2 vya mchanganyiko wa jana na muda wa saa 24 utatosha. Harufu iwe kali na safi kama ya ukwaju. Ukinusa uozo, mwaga. Chemsha maji vikombe 2, mimina unga huku unakoroga, pika dakika 15. Ongeza tui zito vijiko 2 au kijiko cha chai cha mafuta, na kijiko cha dagaa waliosagwa. Uji wa mtoto ukae kwenye kijiko. Ule unaonyweka kama chai ni maji ya kumdanganya njaa.

Ukiwa mzito kupita kiasi usiongeze maji, ongeza kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, uchuje, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka mizizi ifike sentimita moja, uanike juani, pukusa mizizi, usage. Kijiko 1 cha unga huo kwenye uji uliotolewa motoni na kupumzika dakika tano huulainisha mbele ya macho yako, chakula kikiwa kile kile. Subiri dakika 10, rudisha motoni uchemke tena, maana kimea kibichi hubeba vijidudu vingi. Tumia ulezi, usitumie mtama: chipukizi za mtama zina sumu ya sianidi.

Neno kuhusu unga wa lishe wenye nafaka tano, soya na karanga pamoja. Karanga zikisagwa huoza haraka kwa joto letu, na mahindi na karanga zenye ukungu hubeba sumukuvu, ambayo moto wala uchachu hauiondoi. Unga wa nafaka moja iliyochaguliwa kwa macho, na karanga zinazopondwa siku ya kula, ni salama zaidi.

Bakteria nao wanakula

Wale waliokwisha kukaa tumboni wanahitaji nyuzinyuzi: maharage, mchicha, viazi vitamu, papai, ndizi mbichi za kupika. Ndizi mbichi ina wanga usiomeng'enywa kwenye utumbo mwembamba, hufika chini mzima na kuliwa na bakteria. Huko Bangladesh watoto waliokuwa na kuhara kusikoisha walipona mapema walipoongezewa ndizi mbichi zilizopikwa. Baada ya mwaka, ubuyu mtupu usio na rangi wala sukari, kijiko cha chai kwenye uji, una nyuzinyuzi na vitamini C inayosaidia chuma kufyonzwa.

Akiharisha

Hapa ndipo watu hukosea wakitafuta bakteria wakati mtoto anakauka maji. Kwanza ni ORS, unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ili kurudisha maji mwilini. Soma paketi ina ujazo gani. Nyingi ni za lita 1 ya maji safi, na ikipunguzwa maji inakuwa chumvi kali inayodhuru. Chini ya miaka miwili, mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji. Zaidi ya hapo, 100 hadi 200. Mpe kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri dakika 10, uanze tena polepole. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Pili ni zinki: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14 hata kama choo kimekaza, na miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Tatu, ziwa lisikatizwe, na chakula kiendelee. Kuhara kukifika siku 14, aliyekuwa akinywa maziwa ya ng'ombe apewe mtindi badala yake, kwa kuwa sukari ya maziwa imepungua humo na utumbo uliochubuka unaubeba vizuri zaidi. Na aonwe na daktari.

Damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, ngozi ya tumbo inayorudi polepole ukiifinya, kushindwa kunywa, kutapika kila kitu au kulegea: usisubiri asubuhi. Nenda kituo cha karibu au hospitali ya Bombo, ukiendelea kumpa ORS njiani.

Kuhara kwingi kwa watoto kunatokana na virusi, na antibayotiki haiviui. Inachoua ni wale bakteria uliowalea kwa miezi. Vidonge vilivyobaki vya kaka yake visiguswe. Chanjo ya rota hutolewa kliniki wiki ya 6 na ya 10, bila malipo.

Chupa za famasi

Zipo hali ambazo chupa hizi za bakteria wazuri zinafaa. Mtoto anayenyonya mwenye kilio cha jioni anaweza kupungukiwa kilio kwa matone ya Lactobacillus reuteri. Kwa anayekunywa maziwa ya kopo ushahidi haujakaa sawa. Anayepewa antibayotiki kwa sababu ya kweli anaweza kukingwa na kuhara kunakoletwa na dawa kwa Saccharomyces boulardii au Lactobacillus rhamnosus GG. Zile za bakteria zitolewe saa mbili mbali na antibayotiki. Boulardii ni hamira, haiathiriki. Kwa kuhara kwa ghafla, majaribio makubwa mawili yaliyochapishwa mwaka 2018, moja la Marekani na moja la Kanada, hayakuona faida.

Chupa isiyotaja aina ya bakteria kwa jina kamili, idadi yao hadi tarehe ya mwisho, na joto la kuhifadhia, iache. Iliyokaa dirishani kwenye jua la Tanga imekufa, hata kama tarehe yake bado.

Na usimpe kabisa bila daktari mtoto njiti, mwenye utapiamlo mkali, mwenye kinga dhaifu au mwenye mpira wa dawa kwenye mshipa mkubwa. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya mtoto njiti kufa kwa maambukizi ya damu yaliyotokana na bakteria hao hao wa kwenye chupa. Kwa njiti, maziwa ya mama yake yaliyokamuliwa, hata yakiwa matone machache kwa kikombe au mpira, ndiyo ya kuulizia wodini kila siku.